Umesilimu, Uanzie Wapi? Mwongozo Kamili kwa Mwislamu Mpya wa Moshi

Wiki niliyosilimu nilipewa daftari lenye mambo 41 ya kufanya na kuacha. Aliyeniandikia alikuwa na nia njema, na karibu yote aliyoyaandika yalikuwa sahihi. Ilipofika siku ya nane nililifungia kabatini, na kwa miezi miwili sikuswali hata rakaa moja. Dini sikuichoka. Sikujua tu nishike lipi kwanza. Niache kula kwa mama? Nibadili jina? Nihifadhi sura ngapi? Jumatatu nivae nini kazini?

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja wa Bondeni, muuza vitumbua, jirani na nilipokuwa nimepanga. Nilimweleza yote huku nalia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa hivi saa ngapi, mjukuu wangu?" Nikamwambia saa tisa. "Basi kilicho mbele yako ni Alasiri. Nenda kachote maji."

Tangu hapo nimewaelekeza wanawake kadhaa waliosilimu hapa mjini, na kila mmoja namwanzisha kama nilivyoanzishwa. Wajibu wa Kiislamu haukufikii wote kwa mkupuo. Shahada, yaani maneno ya kuingilia dini, ni ya sasa hivi. Swala ni ya saa inayokuja. Saumu inangoja mwezi wake, zaka inangoja mali itimize mwaka, Hija inangoja uwezo. Ukijifunza kwa zamu hiyo, kila jambo litakukuta umejiandaa. Mwongozo huu nimeupanga hivyo hivyo, na hata kama hujasilimu bali mwanao au jirani yako amesilimu na unataka kujua ameingia wapi, utakufaa.

Hatua ya kwanza: jua unachokishuhudia

Uislamu unaingiwa kwa maneno ya sentensi moja, lakini maneno hayo yana mzigo wake. Usiyatamke kwa kumfurahisha mchumba. Nasema hili mapema kwa kuwa wengi hapa kwetu wanasilimu wiki ya ndoa, na hakuna aliyewakalisha chini wakaelezwa.

La kwanza ni kwamba Mungu ni mmoja. Sura ya 112 ya Qur'ani, Al-Ikhlas, inalisema hilo kwa aya nne tu: Yeye ni Allah, mmoja, ndiye anayekusudiwa kwa kila haja, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Ukiielewa sura hiyo umeshika mzizi wa dini yote. Kumshirikisha Mungu na chochote huitwa shirki, na ndiyo dhambi kubwa kuliko zote. Na shirki haiko kwenye sanamu peke yake. Kuwachinjia wahenga mbuzi ili waondoe mikosi, kuwamwagia pombe mgombani, kuvaa hirizi ukiamini yenyewe ndiyo inayokulinda, kumwendea mganga akuambie kesho yako, vyote vinaingia hapo. Wahenga tunawaheshimu kwa kuwakumbuka na kuunga udugu waliouacha. Kuabudiwa hawastahili.

Kwa sisi tuliokulia kanisani, swali linalofuata huwa moja: na Yesu je? Waislamu wanamwita Nabii Isa, mwana wa Maryamu. Wanaamini alizaliwa bila baba, alifanya miujiza kwa idhini ya Mungu, ndiye Masihi, na atarudi. Hawaamini kuwa ni Mungu wala mwana wa Mungu, na Qur'ani inasema hakuuawa wala hakusulubiwa. Mama yake ana sura yenye jina lake, ya 19, na ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani nzima. Nilipomsomea mama yangu sura ile kwa Kiswahili, akiwa anamenya ndizi, aliacha kisu akasikiliza. Hakusema neno, lakini tangu siku hiyo hakuniambia tena kwamba nimemkataa Bikira Maria.

Imani ya Mwislamu ina nguzo sita: kumwamini Allah, malaika wake, vitabu vyake (Taurati, Zaburi, Injili na Qur'ani), mitume wake, Siku ya Mwisho, na kadari, yaani kwamba la heri na la shari yote yako katika elimu na mipango yake. Zimo katika hadithi, yaani simulizi ya maneno na matendo ya Mtume, aliyoisimulia sahaba wake Umar bin Khattab, pale Malaika Jibril alipokuja kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno akamuuliza Mtume maswali mbele ya masahaba. Katika hadithi hiyo hiyo zimo nguzo tano za Uislamu: shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani na Hija.

La pili unaloshuhudia ni utume wa Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam (rehema na amani ziwe juu yake). Alizaliwa Makka kiasi cha mwaka 570, akiwa yatima wa baba. Wahyi, yaani ufunuo, ulimshukia mwaka 610 akiwa na umri wa miaka 40, neno la kwanza likiwa "Soma". Mwaka 622 alihamia Madina, na kuhama huko ndiko kunakohesabiwa mwanzo wa kalenda ya Kiislamu. Alifariki mwaka 632. Yeye haabudiwi wala haombwi. Ni mtume na kiigizo, naye ndiye wa mwisho.

Qur'ani ina sura 114. Itafute tafsiri ya Kiswahili uisome polepole, bila kuona haya kwamba Kiarabu bado. Ile ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, ina maelezo chini ya aya yanayomsaidia mgeni.

Hatua ya pili: shahada na josho

Maneno ni haya: "Ash-hadu an laa ilaaha illa Llah, wa ash-hadu anna Muhammadan Rasuulu Llah." Maana yake: nashuhudia kwamba hapana mungu anayestahili kuabudiwa ila Allah, na nashuhudia kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah. Yatamke ukiyaelewa na ukiyakubali. Umeshakuwa Mwislamu. Hakuna maji ya kubatizwa, hakuna ada, hakuna mtu wa kukukubalia kwa niaba ya Mungu. Ni vizuri kuyatamka msikitini au mbele ya mashahidi, maana utawahitaji siku ya ndoa, Hija au maziko, na ofisi za BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) za mkoa na wilaya husaidia upande wa hati. Lakini mtu aliyeyatamka peke yake chumbani, usiku, naye ni Mwislamu.

Kisha oga mwili mzima, maji yafike kila mahali hadi mashinani mwa nywele. Dhambi zako za nyuma zimefutwa. Jina hulazimiki kubadili, isipokuwa kama maana yake inapingana na imani. Ukipenda jina la Kiislamu la kuitwa nyumbani, chagua, ila usianze kuhangaika na vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA wiki hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: maji

Swala haisihi bila twahara, yaani usafi wa kiibada, kwa hiyo udhu, yaani kujiosha kabla ya swala, ndio somo la kwanza la vitendo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Sunni wanaofuata madhehebu (njia ya kisheria) ya Imamu Shafi, na maelezo yangu yamefuata hapo.

Bibi wa vitumbua hakunipa kitabu. Alijaza maji kopo la lita moja, akaniketisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akasema, "Haya yakutoshe, mengine huyapati." Kumbe ndiyo sunna, yaani mwenendo wa Mtume: yeye alitawadha kwa maji machache na akakataza israfu. Nilitia nia moyoni, nikasema Bismillahi, nikaosha viganja mara tatu. Nikasukutua mara tatu, nikavuta maji puani nikayapenga mara tatu. Nikaosha uso mara tatu, kuanzia yanapoota manywele hadi kidevuni, na kutoka sikio hadi sikio. Kisha mkono wa kulia pamoja na kiwiko, mara tatu, halafu wa kushoto. Hapo akanishika kifundo cha mkono akanigeuza kiwiko: nyuma palikuwa pakavu. "Hapa ndipo wengi wanapopaacha." Nikarudia. Nikapaka maji kichwani, nikafuta masikio ndani na nje, nikaosha mguu wa kulia pamoja na vifundo vyake, nikapitisha kidole kati ya vidole, kisha wa kushoto.

Katika hayo, yaliyo faradhi, yaani ya lazima, ni sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono pamoja na viwiko, kupaka maji japo sehemu ya kichwa, kuosha miguu pamoja na vifundo, na kufuata mpangilio. Mengine ni sunna, ya kupendeza tu. Ukiwa na haraka au maji ni haba, zingatia hayo sita, na mara moja moja inatosha.

Kinachozuia maji kufika kwenye ngozi kinaharibu udhu. Rangi ya kucha inazuia. Hina haizuii, kwa kuwa ni rangi tu. Unga wa chapati uliokaukia chini ya kucha utoe kwanza. Utomvu wa ndizi nao tunauulizia sana sisi wapishi wa mtori: lile doa jeusi lililobaki halina neno, lakini ukiwa umeganda kama gundi, paka mafuta uutoe ndipo utawadhe.

Udhu unavunjwa na chochote kinachotoka njia mbili, ya mbele na ya nyuma, pamoja na upepo. Na usingizi, isipokuwa wa aliyekaa akatulia. Na kupoteza fahamu. Na kugusa uchi kwa kiganja. Na kwa Shafi, kugusana ngozi mwanamume na mwanamke ambao si maharimu (jamaa wasioweza kuoana kamwe). Baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii unahitaji josho la mwili mzima, vivyo hivyo mwanamke anapomaliza hedhi au nifasi (damu ya baada ya kujifungua). Katika siku zake mwanamke haswali wala hafungi. Saumu atailipa baadaye, swala halipi. Usijione umepungukiwa siku hizo. Mlango wa dua na kumtaja Mungu haujafungwa.

Kukosa maji kabisa, au maji yakiwa yatakudhuru kwa ugonjwa, kuna tayamamu: udongo safi wenye vumbi, pigo moja la viganja kwa uso na pigo la pili kwa mikono. Baridi ya Julai peke yake si sababu wakati jiko na sufuria unavyo. Pasha maji.

Hatua ya nne: kibla na saa

Waislamu wote duniani huelekea Kaaba iliyoko Makka. Hapa Moshi Mungu ametupa alama ambayo watu wa miji mingine hawana. Kutoka katikati ya mji, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo sana. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nayo iko kaskazini ya mji. Ukisimama Majengo au Njoro asubuhi mlima umefunguka, ukaukabili ule mgongo mweupe kisha ukageuka kulia kidogo kama upana wa vidole viwili ukiwa umenyoosha mkono, umeipata kibla. Mara ya kwanza nilipolijua hili nilisimama barazani muda mrefu. Mlima nilioutazama tangu nazaliwa ulikuwa unanielekeza siku zote.

Alama hii ni ya mjini tu. Ukiwa Marangu, Kibo iko kaskazini-magharibi yako, ukiufuata mlima utapotea. Na wa Arusha asiutegemee Meru, kwa sababu upande unaouona unabadilika kulingana na mtaa aliopo. Huko tumia dira ya simu: kaskazini, halafu nyuzi chache mashariki.

Nyakati ni tano, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hazihami sana. Alfajiri huingia karibu na saa kumi na moja, kuna miezi inasogea hadi saa kumi na moja na nusu, na inakwisha jua likichomoza. Adhuhuri huingia jua likipinduka, kati ya saa sita na robo na saa saba kasoro robo. Alasiri ni saa tisa na nusu hadi saa kumi hivi. Magharibi ni jua likizama, saa kumi na mbili na nusu au karibu na saa moja. Isha ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili. Swala ukiiwahi mapema ni bora, ila muda wake una nafasi: anayetoka kazini saa tisa bado ana wasaa wa kuswali Adhuhuri kabla Alasiri haijaingia.

Hatua ya tano: swala yenyewe

Rakaa za faradhi kwa siku ni 17: Alfajiri 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Jifunze kwa Alfajiri, kwa sababu ukiziweza rakaa mbili, zinazobaki ni kurudia.

Vaa nguo safi inayositiri. Mwanamke asitiri mwili wote isipokuwa uso na viganja. Doti moja ya khanga kutoka Mbuyuni inatosha: upande mmoja chini, mwingine kichwani na mabegani. Mwanamume asitiri angalau kitovu hadi magoti. Mahali pawe safi. Mkeka, mswala, hata kitenge.

Simama uelekee kibla, kusudia moyoni swala unayoiswali, inua viganja usawa wa mabega ukisema "Allahu Akbar". Hapo umeingia: hakuna kusema na mtu, kula wala kugeuka. Weka mkono wa kulia juu ya wa kushoto chini ya kifua. Soma Al-Fatiha, aya saba, kuanzia Bismillahi. Ukimaliza sema "Aamin", kisha sura yoyote fupi, kama hiyo Al-Ikhlas.

Sema "Allahu Akbar" uiname rukuu, mgongo ulingane, viganja magotini, useme mara tatu "Subhaana Rabbiyal Adhiim". Inuka ukisema "Sami'a Llahu liman hamidah", ukisimama sawa useme "Rabbanaa lakal hamd". Tulia kidogo, hapa ndipo watu wanapodonoa kama kuku, na kutulia ni sehemu ya swala.

Kisha shuka kusujudu. Viungo saba viguse chini: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, vidole vya miguu miwili. Sema mara tatu "Subhaana Rabbiyal A'laa". Mtume alisema mja huwa karibu zaidi na Mola wake akiwa amesujudu, basi omba hapo, ombi lolote. Mimi siku ile ya Alasiri ya kwanza sikuwa nimehifadhi dua hata moja. Nilisema moyoni "Mungu wangu, nimerudi", na nikabaki chini hadi bibi akakohoa.

Inuka ukae, sema "Rabbi ghfir lii", sujudu mara ya pili. Hiyo ni rakaa moja. Simama ufanye ya pili vilevile, kisha ukae usome tahiyatu (maneno ya kumtukuza Mungu yanayosomwa kwenye kikao), umswalie Mtume, yaani umwombee rehema, ugeuze uso kulia na kushoto ukitoa salamu: "Assalamu alaykum wa rahmatu Llah." Katika swala za rakaa tatu na nne, baada ya rakaa ya pili unakaa tahiyatu fupi kisha unasimama kuendelea, na hizo za mwisho unasoma Al-Fatiha peke yake.

Na usiyejua Al-Fatiha bado? Swali leo hii hii. Mtume alimruhusu mtu aliyeshindwa kuhifadhi aseme: "Subhaana Llah, wal hamdu lillah, wa laa ilaaha illa Llah, wallahu akbar." Simama nayo mahali pa kisomo huku ukihifadhi aya moja kila siku. Siku saba, sura imekamilika. Mimi nilizibandika juu ya sinki la vyombo, moja moja.

Msikitini utaona tofauti. Huku Alfajiri imamu anainua mikono kusoma dua ya kunuti, kule hasomi. Huyu anatikisa kidole kwenye tahiyatu, yule ametulia. Ni tofauti za wanazuoni tangu zamani, na mgeni hapaswi kuingizwa kwenye ugomvi huo. Mfuate imamu uliye nyuma yake. Akikukaripia mtu mbele za watu kwa kosa dogo, kama nilivyokaripiwa mimi kwa ukosi uliofunguka, meza, rekebisha, urudi kesho.

Ijumaa wanaume ni wajibu wao kuhudhuria khutba na swala ya rakaa mbili badala ya Adhuhuri. Wanawake wakienda ni vizuri, wasipoenda wanaswali Adhuhuri nyumbani. Muombe mapema msimamizi wako akupe saa hiyo badala ya kutoroka. Waajiri wengi wa hapa wamezoea.

Mwezi ukiandama

Ramadhani ni mwezi wa tisa wa kalenda ya mwezi, na kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa siku 10 au 11, kila mwaka inatangulia kwa siku hizo kwenye kalenda yetu ya ukutani. Kufunga ni kujizuia kula, kunywa na tendo la ndoa toka Alfajiri hadi jua kuzama, ukitia nia usiku. Kwetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka mzima karibu sawa. Amka ule daku hata maji na tende. Ukila kwa kusahau, saumu yako ni nzima. Mgonjwa na msafiri wanafungua na kulipa siku baadaye; mzee asiyeweza tena analisha maskini kibaba cha chakula kwa kila siku.

Ukisilimu katikati ya Ramadhani, funga zilizobaki, zilizopita hudaiwi. Anza kujizoeza miezi kabla kwa Jumatatu na Alhamisi, ambazo ni sunna. Futari isikutie gharama: uji wa ulezi, magimbi, ndizi za nazi, maharage, umeshafuturu. Kabla ya swala ya Idi toa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula cha kawaida kwa kila mtu unayemlisha, yaani kati ya kilo mbili na nusu na tatu za mchele.

Mali ikitimiza mwaka

Zaka haiwi juu yako mpaka ufikie kiwango: thamani ya gramu 85 hivi za dhahabu, au kwa wanaopima kwa madini ya fedha gramu 595, ikakaa mkononi mwaka mzima wa kalenda ya mwezi. Unatoa asilimia 2.5, yaani shilingi 25,000 kwa kila milioni. Mahindi na maharage yanatolewa siku ya kuvuna yakifika kiwango chake, kiasi cha kilo 650: sehemu moja ya kumi kama yamekunywa mvua au maji yanayotiririka yenyewe, kama ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, nusu ya hapo kama umenyweshea kwa pampu ya mafuta. Kahawa na ndizi za kula, kwa Shafi, hazitolewi hivyo. Fedha yake ikikaa mwaka ndiyo inayohesabiwa. Na miongoni mwa aina nane za wanaopewa zaka wamo wanaotiwa nguvu nyoyo zao, ambao ni watu kama wewe. Ukifukuzwa nyumbani kwa kusilimu, usione aibu kuipokea.

Hija ni mara moja katika umri, kwa mwenye afya, nauli na njia salama, akiwa amewaachia matumizi wanaomtegemea. Siku yake kuu ni Arafa, tarehe 9 ya Mfungo Tatu (Dhul-Hijja). Usikope kwa ajili yake. Weka kidogo kidogo.

Nyumbani

Sehemu hii haikuwamo kwenye lile daftari, na ndiyo iliyoniumiza kuliko zote. Sisi Wachagga ni watu wa Desemba: popote ulipo, unapanda mlimani kwenu. Mimi kwetu ni Kibosho, baba na mama ni Wakatoliki, na mwaka ule wa kwanza niliogopa kupanda.

Anza na hukumu. Qur'ani, sura ya Luqman, inasema wazazi wakikushinikiza umshirikishe Mungu usiwatii, lakini ukae nao kwa wema duniani. Asmaa binti Abubakar, sahaba wa kike, alimuuliza Mtume kama aunge udugu na mama yake ambaye hakuwa Mwislamu, akamwambia muunge mama yako. Kwa hiyo unakwenda, unabeba sukari na mafuta kama kawaida, unawapigia simu, unawauguza.

Chakula sasa. Haramu ni nguruwe, damu, nyamafu, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mungu, na pombe. Mbege ni pombe, hata ile ya kuonja kwa adabu kwenye kata inayozungushwa. Pokea kata kwa mikono miwili, umpelekee mzee anayefuata. Hakuna atakayeona umemdharau. Kisusio kina damu ndani, usinywe. Mtori, machalari, kiburu, loshoro, kitawa, kula ushibe, mradi nyama iliyomo ni ya halali. Kuhusu mbuzi, zungumza na baba siku mbili kabla: aitwe jirani Mwislamu achinje, na damu ya mbuzi waikinge wenyewe wakitaka. Kwetu jambo hili halikuwa geni hata kidogo, kwa kuwa buchani nyama imechinjwa na Waislamu tangu nikiwa mdogo. Sufuria iliyopikiwa kitimoto, kwa Shafi, inaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama aliona ni kazi kubwa akaninunulia sufuria yangu ndogo, akaitundika msumari wake jikoni. Bado iko pale.

Kukiwa na msiba, nenda. Pika, chota maji, liwaze wafiwa, simama kaburini. Abu Talib, ami yake Mtume, alipofariki akiwa hajasilimu, Mtume alimwambia Ali, mwana wa Abu Talib, akamzike baba yake. Unachojizuia nacho ni ibada yenyewe: sakramenti, kupiga magoti, sala zao. Waeleze ndugu mapema kwa upole, faragha, wasije wakashangaa mbele ya padri.

Na zungumza nao kuhusu msiba wako mwenyewe. Hili tunaliogopa, lakini Mchagga huzikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na nimeona maiti ikigombewa na ndugu na waumini hadi jioni. Mwislamu anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, na anazikwa haraka akielekezwa kibla. Waambie ungali mzima. Na uandike. Mtume alisema Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Jamaa asiye Mwislamu harithi kwa mirathi ya Kiislamu, lakini unaweza kumuusia hadi theluthi moja ya mali yako. Andika jinsi utakavyozikwa, nani akuoshe, madeni yako, na theluthi yako umeipeleka kwa nani. Wawepo mashahidi wawili wasionufaika nao, na nakala moja abaki nayo mtu wa nyumbani.

Wangu nimeuandika ukurasa wa mwisho wa lile daftari la mambo 41. Jina la kwanza kwenye theluthi ni la mama, na nakala anayo yeye, ameikunja ndani ya Biblia yake.